Nyuzi za bandi

Ukiingia kwenye duka la Mama pale Busia, upande wa Uganda, utakanyaga nyuzi kabla hujasalimia. Vipande vya kitambaa havikai chini, watoto wa majirani huviokota wakajazie mipira yao. Nyuzi ndizo hubaki: nyeupe, fupi, zimejikunjakunja, zinang'ang'ania soksi. Ni nyuzi za bandi. Mama hashoni gomesi, lile vazi la heshima la wanawake wa Uganda, bila kuipiga bandi kwanza. Anashikiza mabega kwa mishono mirefu ya mkono, kwa uzi wa bei rahisi, anamvisha mwenye nguo, anamzungusha mara mbili mbele ya kioo, anainua bega hili, anashusha lile. Akiridhika ndipo anakaa kwenye cherehani. Mshono wenyewe ukishashika, uzi wa bandi unachomolewa na kutupwa. Mteja anaondoka na gomesi yake, nyuzi zinabaki sakafuni mpaka jioni.

Nimekulia juu ya nyuzi hizo. Sasa ni mtu wa maabara Kampala, mwaka wa 11 huu, na kwa muda mrefu sikuona kazi ya Mama na kazi yangu zinakutana wapi. Aliyenionyesha ni mdogo wangu, tena bila kukusudia, kwa kuugua.

Ilianza mwaka 2017, akiwa na miaka 13. Jerikani ya lita 20 iliyokuwa inatutosha maji ya kunywa siku mbili ikawa haifiki jioni. Usiku alitoka kukojoa mara tano, mara sita. Mama alimpunguzia kiuno cha suruali ya shule mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na fundi akipunguza kiuno cha mwanawe mara mbili angepaswa kushtuka. Anajilaumu hadi leo. Zahanati ya kwanza ilisema malaria. Ya pili ilisema malaria na taifodi, kama ilivyo kawaida ya huku kwetu: hizo mbili hutembea pamoja kwenye karatasi hata kama hazikukutana mwilini. Siku ya nne alikuwa anapumua kwa nguvu kama aliyetoka mbioni, na mdomo wake unanukia matunda yaliyoiva kupita kiasi. Tulikokimbilia mara ya tatu, muuguzi mmoja alimchoma kidole tu, bila maneno mengi. Kile kimashine hakikutoa namba. Kiliandika kwamba sukari imepita uwezo wake wa kusoma.

Wiki moja baadaye, kando ya kitanda, Mama akachukua kichupa cha insulini, dawa inayoshusha sukari ya damu, akakielekeza dirishani kama anavyokagua kitambaa.

"Mwanangu, si wewe ndiye uliyesomea haya? Hiki kitu hutengenezwa vipi? Na kwa nini mwili wa huyu umeshindwa, na wangu mimi mzee bado unaweza?"

Nikajibu kama kitabu: jeni linatoa maelekezo, ribosomu inasoma, protini inatoka. Akaniangalia vile anavyomwangalia mwanagenzi anayedhani gomesi ni kukata na kushona.

"Basi?" akasema.

Haikuwa basi. Nilikuwa nimemweleza sehemu ambayo sisi wote hukariri tangu sekondari na kuishia hapo, maana mtihani nao huishia hapo. Tunalisifu jeni mno. Jeni ni karatasi ya kukatia tu. Ukishakata kitambaa kwa kufuata ile karatasi, unacho kitambaa kilichokatwa, nguo bado.

Mnyororo unaotoka kwenye ribosomu una asidi amino 110, yale matofali yanayojenga protini. Huo si insulini. Zile 24 za mwanzo hata hazihusiani na sukari. Ni kibali cha kuvukia. Seli ina sehemu zinazopakana kama Busia yetu na Busia ya Kenya, zimegusana kabisa lakini huvuki hivihivi. Mnyororo ukianza kuchomoza, zile 24 zinatambuliwa, ribosomu yote inaburutwa hadi kwenye ukuta wa mtandao wa endoplazimu, chumba cha kushonea cha seli, na mnyororo unapenyezwa kwa ndani huku mkia wake bado unaundwa. Kichwa kikishaingia, kimeng'enya kinakikata kibali. Hakirudishwi, hakitumiki tena. Günter Blobel ndiye aliyeonyesha kwamba protini hubeba anwani zake zenyewe, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999. Bosi wake wa zamani, George Palade, alikuwa ameshaipata ya kwake mwaka 1974 kwa kufuata nyayo za protini ndani ya seli za kongosho, kituo kwa kituo, kwa kuzitia alama ya mionzi. Kongosho, lilelile linalotengeneza insulini. Ni kiungo kinachozalisha protini nyingi za kusafirishwa, ndiyo maana watu hawa walikaa hapo.

Kibali kikishakatwa zinabaki 86. Hapo ndipo kazi ninayoipenda mimi inapoanza.

Ndani ya mtandao ule mnyororo unajikunja. Una sisteini sita, na kila sisteini ina chembe ya salfa. Salfa mbili zikikutana hushikana, na mshiko huo unaweza kuuita kifungo. Mama alilifurahia neno hilo. Gomesi ina vifungo viwili, upande wa kushoto, chini ya bega. Insulini iliyokamilika ni vipande viwili, A na B, na ina vifungo vitatu: viwili vinashika A na B pamoja, cha tatu kiko ndani ya A peke yake. Lakini piga hesabu kidogo. Salfa sita unaweza kuzipanga mbilimbili kwa njia 15, na katika hizo 15 ni moja tu ndiyo insulini. Nyingine 14 ni nguo iliyofungwa kifungo cha juu kwenye tundu la chini. Kuna protini saidizi humo ndani ambazo kazi yake ni kufungua vifungo vilivyokosewa na kuvijaribu upya. Nguo isiyorekebishika inatolewa nje ya mtandao, inabandikwa protini ndogo iitwayo ubikwitini, na kusagwa. (Waliogundua alama hiyo ya kifo, Ciechanover, Hershko na Rose, walipata Nobel mwaka 2004. Ni tuzo iliyotolewa kwa ajili ya pipa la taka.)

Ukitaka kujua uzito wa kifungo kimoja, kuna watoto wanaozaliwa na kisukari kwa sababu herufi moja ya jeni la insulini imebadilika na sisteini moja ikawa tairosini. Kifungo kimoja kimekosa mwenzake. Mnyororo haukunjiki, mtandao unajaa nguo mbovu kuliko uwezo wa wasagaji, na seli yenyewe inakufa kwa kuelemewa. Herufi ni moja, lakini madhara yenyewe hayako kwenye herufi, yako chumba cha kushonea.

Sasa swali ambalo liliwasumbua wakemia kweli. Frederick Sanger, Cambridge, alikuwa amemaliza kuisoma insulini yote kufikia mwaka 1955, akapewa Nobel mwaka 1958. Ilijulikana basi kwamba ni vipande viwili: A wenye asidi amino 21, B wenye 30. Wengi wakadhani seli huvitengeneza mbalimbali, kisha inaviunganisha. Lakini ukichukua A na B ukavitia pamoja kwenye chupa, insulini inayopatikana ni kidogo ya kukatisha tamaa. Vifungo vinakosea matundu. Seli inafanyaje basi, siku nenda siku rudi, bila kukosea?

Jibu lilitoka Chicago mwaka 1967. Donald Steiner, akitumia uvimbe wa seli za kongosho uliotolewa kwa mgonjwa, alikuta kwamba A na B havitengenezwi mbalimbali hata kidogo. Vinatoka vikiwa mnyororo mmoja, na katikati yao kuna kipande cha tatu, C, chenye asidi amino 31. Kazi ya C ni kuvishikilia A na B katika mkao ambao salfa zilizokusudiwa kukutana zitakutana. Vifungo vikishafungwa, C inakatwa inatoka.

Hayo nilikuwa nimeyasoma chuoni na kuyaandika kwenye mtihani. Mara ya pili niliyasoma nimekaa kwenye kibenchi cha wateja, Mama amepiga magoti mbele ya bibi harusi mtarajiwa, pini mdomoni, anashikiza. Nikacheka peke yangu. Mama akanitupia jicho. "Nini?"

"Kumbe na kongosho hupiga bandi."

Akatoa pini mdomoni. "Wewe ulidhani mtu anaanza tu na cherehani?"

Na ukataji wenyewe haufanywi ovyo. Mama huchora mstari kwa kipande cha sabuni kilichobaki bafuni, kile chembamba kisichoshikika tena. Seli huchora kwa asidi amino mbili zilizofuatana: arginini na arginini pale C inapoanza, lisini na arginini pale inapoishia. Vimeng'enya vya kukata vinatafuta alama hizo mbili, vinakata, na vingine vinakuja kufuta alama zenyewe. Ndiyo maana ukijumlisha 30 na 31 na 21 unapata 82 na si 86. Nne zilizopungua ni sabuni.

Kabla ya mikasi kuna safari ya kupita Golgi. Camillo Golgi, Mwitaliano, alikiona kituo hicho mwaka 1898 kwenye seli za neva za bundi, na kwa miongo kadhaa wenzake walibishana kama kipo kweli au ni uchafu wa rangi alizopaka. Hadubini ya elektroni ndiyo iliyomaliza ubishi. Hapo protini hupangwa kulingana na zinakoenda, nyingine zinaongezewa au kupunguziwa minyororo ya sukari. Insulini yenyewe haivishwi sukari, inapita tu, inaingia kwenye vifuko, na humo ndimo inapokatwa, inapokutana na zinki, inapojipanga sitasita hadi inakuwa fuwele ndogo. Vipande C vilivyokatwa viko humohumo kwenye kifuko, nyuzi na nguo katika mfuko mmoja. Ukila chakula sukari ikapanda, kifuko kinafunguka na vyote viwili vinamwagika kwenye damu kwa idadi sawa.

Hiyo idadi sawa iweke akilini, nitairudia.

Mama aliuliza pia ya mdogo wangu inatoka wapi, kama si kwenye kongosho la mtu. Zamani ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe. Ya nguruwe inatofautiana na yetu kwa asidi amino moja tu, ya ng'ombe kwa tatu. Mwaka 1978 watu wa kampuni ya Genentech, Marekani, na wenzao walifaulu kulitia jeni la insulini ya binadamu kwenye bakteria. Lakini bakteria ana ribosomu tu, hana chumba cha kushonea. Hana mtandao wa endoplazimu, hana Golgi, hana mikasi ile. Kwa hiyo bakteria kundi moja lilitengeneza A, kundi jingine B, halafu wakemia wakaviunganisha wenyewe kwa taabu ileile ya zamani. Dawa iliruhusiwa Marekani mwaka 1982, na baadaye wakahamia kutengeneza mnyororo mzima wenye C ndani yake, kisha kuukata. Wadenmaki wa kampuni ya Novo wao walitumia hamira, jamii ileile ya mandazi. Hamira ina chumba cha kushonea, inaweza kufunga vifungo yenyewe. Walichofanya ni kuipa bandi fupi sana, ya asidi amino chache badala ya 31, maana ukiwa fundi mzuri huhitaji kushikiza nguo nzima.

Mama alikaa na hili la hamira siku mbili nzima. Siku ya tatu alimuuliza mama wa mandazi pale nje kama anajua ana nini kwenye ndoo yake.

Kuna kosa letu ambalo sina budi kulisema. Muuguzi alikuwa ametuambia tuiweke dawa mahali pa baridi. Hatuna friji. Jirani mwenye duka la soda alikuwa na friza, akakubali kutuwekea vichupa vya mwezi mzima, na sisi tukashukuru Mungu. Siku tisa mdogo wangu alijidunga kama kawaida, asubuhi na jioni, na sukari ikawa inapanda tu. Tulimshuku yeye. Mama alimpekua mifuko kutafuta maganda ya pipi. Niliporudi nyumbani Jumamosi nikachukua kichupa, nikakielekeza dirishani. Dawa ile kwa kawaida ina weupe kama maji ya mchele, na ukiiviringisha kwenye viganja weupe unaenea sawasawa. Hii ilikuwa na vipande kama ute wa yai uliopata moto, na kioo kina ukungu unaofanana na wa chupa ya soda iliyotoka kwenye barafu. Nikaupangusa kwa kidole. Haukutoka. Ukungu ulikuwa upande wa ndani.

Ilikuwa imeganda na kuyeyuka, pengine zaidi ya mara moja, kwa umeme wetu huu unaokwenda na kurudi. Asidi amino zote 51 bado zilikuwa humo, kwa mpangilio uleule alioandika Sanger. Kilichoharibika ni mkao. Chembe zimegandamana kwa namna ambayo hakuna kuviringisha kutakakozitenganisha, na insulini iliyogandamana haiingii kwenye kufuli yake. (Kufuli hiyo nayo, ule mpokezi ulio juu ya seli za misuli na mafuta, huzaliwa mnyororo mmoja na hukatwa vipande kabla ya kufika kazini. Ufunguo unakatwa, kufuli inakatwa.) Tulimwomba mdogo wangu msamaha, Mama akamshonea shati. Tangu siku hiyo dawa inakaa kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, kitambaa kibichi juu, kwenye kona isiyopigwa na jua. Maji yanavyokauka yanaondoka na joto. Haifikii baridi ya friji, lakini haigandishi, na kati ya mambo hayo mawili kwetu hilo la pili ndilo lilikuwa limetuumiza.

Mabadiliko yote niliyoyasimulia hadi hapa seli imeyaagiza. Kuna moja ambalo halikuagizwa na mtu, na ndilo tunalolipima kila baada ya miezi mitatu.

Karibu kila protini mwilini huanza na asidi amino moja, methionini, kwa sababu ndivyo ribosomu inavyoanza kusoma. Kwa protini nyingi methionini hiyo hukatwa mara tu mnyororo unapochomoza. Himoglobini ni mojawapo. Methionini ikiondoka, kwenye mnyororo wake wa beta kinachobaki mbele ni valini, uchi, imetokeza nje. Sukari ya damu inapita hapo mchana na usiku, na polepole, bila kimeng'enya chochote, inagota na kunasa. Chembe nyekundu huishi kama siku 120, na siku zote hizo zinakusanya sukari kama nguo iliyoning'inizwa kando ya barabara ya vumbi. Pima ni sehemu gani ya himoglobini iliyonaswa, na utajua miezi iliyopita ilikuwaje. Wagonjwa wanakiita kipimo cha miezi mitatu. Hakuna kusoma kwa wasiwasi usiku wa kuamkia kliniki kutakakokibadilisha.

Lakini kina mitego yake, na mitego hiyo imejaa huku kwetu. Mwaka 2021 kipimo cha mdogo wangu kilitoka asilimia 7.1, daktari wa zamu akampongeza. Mimi nilikuwa nimeona daftari lake la kujipima kwa kidole: 12, 14, 11, 15, zote za juu. Hazilingani na hiyo 7.1. Wiki tano kabla alikuwa ametoka kwenye malaria kali iliyompunguza damu. Malaria hupasua chembe nyekundu, mwili unaleta mpya haraka, na chembe mpya haijakaa na vumbi. Namba inashuka bila sukari kushuka. Tena yeye ni mbebaji wa selimundu, badiliko la himoglobini linalorithiwa, kama watu wengi hapa: utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliopima damu ya karibu watoto 100,000 wa Uganda, ulikuta asilimia 13.3 ni wabebaji. Mashine nyingine za kipimo hiki huchanganywa na himoglobini hiyo. Nimewahi kubishana na watu wa kazini kuhusu majibu ya namna hii, na sitasema nilishinda mangapi.

Kwa njia, hii selimundu ndiyo iliyonifanya nigombane na kijana mmoja wa mafunzo. Alisoma mahali kwamba badiliko liko nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, mahali pengine kwamba liko nafasi ya 7, akaja kuniambia mmoja wa waandishi ni mwongo. Wote wakweli. Anayesema 7 anahesabu kwenye jeni, pamoja na methionini. Anayesema 6 anahesabu kwenye protini iliyoko kwenye damu, methionini imeshatupwa. Tofauti ya moja ni ule mkato.

Sasa rudi kwenye ile idadi sawa.

Mtu anayejidunga insulini ukimpima insulini kwenye damu hujui ipi ni yake na ipi ya chupa. Lakini dawa ya chupa imeshasafishwa, C haimo. C yoyote utakayoikuta kwenye damu imetoka kwenye kongosho lake mwenyewe, leo hii. Tena insulini huondoka kwenye damu kwa dakika chache, nyingi yake ikinaswa na ini, na C inakaa kama nusu saa. Nguo zimeshaondoka na wateja, nyuzi bado ziko chini. Ukitaka kujua fundi ameshona ngapi, tazama sakafu.

Kipimo hicho hakipatikani Busia. Hata Kampala si kila maabara inakifanya, na bei yake ni ya kufikiria mara mbili. Miaka minane hatukuwahi kukifanya, kwa sababu mdogo wangu alikuwa ameshaitwa kisukari cha aina ya kwanza: mtoto, mwembamba, aliyelazwa mahututi. Aina hiyo kinga ya mwili yenyewe ndiyo hushambulia seli za insulini hadi kuzimaliza. Kisha mwaka 2025 watafiti waliofanya kazi Uganda, Kameruni na Afrika Kusini walichapisha kwamba wengi wa vijana walioambiwa wana aina ya kwanza katika nchi hizi hawana zile kingamwili ambazo huonyesha shambulio hilo. Na wengi wa hao bado wanatengeneza insulini kidogo yao wenyewe. Huenda ni ugonjwa mwingine, wenye chanzo kingine. Daktari wake wa Kampala alisoma, nami nilisoma, tukapigiana simu siku moja, nadhani saa ileile.

Mdogo wangu alikuja kwa taxi ya saa kumi na moja alfajiri. Sasa ana miaka 21, ana ndevu, anatengeneza simu mjini Busia na ana kiburi cha watu wanaotengeneza simu. Alifika akilalamika kwamba pale Namawojjolo wachuuzi wa kuku walimsukumia mishikaki dirishani na hakuweza kula, kwa sababu nilimwambia asile kabla ya kutoa damu ya kwanza. Nilimtoa damu mimi mwenyewe, jambo ambalo si la kawaida kwa ndugu, lakini hakutaka mtu mwingine. Kichupa kikaingia kwenye barafu, maana C nayo ikikaa kwenye joto huharibika, na sikutaka kurudia yale ya friza kwa upande wa pili. Kisha akala, tukangoja, nikamtoa ya pili.

Majibu yalichukua siku tisa. Yalikuwa chini sana, chini kabisa ya mtu mzima wa afya. Lakini hayakuwa sifuri, na ile ya baada ya kula ilikuwa juu kidogo ya ile ya kabla. Sindano zinaendelea, daktari alilisema hilo kabla ya kusema neno jingine. Kipimo cha kingamwili bado tunakingoja.

Nikampigia Mama. Nilisikia cherehani nyuma yake, kisha ikanyamaza.

"Wamekuta nyuzi?"

"Wamekuta, Mama. Chache."

Alikaa kimya kidogo. Cherehani ikaanza tena.

"Mwambie apite achukue suruali yake," akasema. "Nimeiongeza kiuno."